Muyenga Haipandiki

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Wengine wote wa Ngamiani, salamu zenu mtagawana wenyewe.

Mnauliza hela za bati ziko wapi. Zimeliwa na gari. Msikasirike kabla hamjasikia.

Tanga mtu akitaka kilima anafunga safari ya Lushoto. Kampala kilima kinakufuata mlangoni: Nakasero, Kololo, Rubaga, Namirembe, Makerere. Mimi nimepanga Bukasa, na njia yangu ya kurudi kutoka kazini inapanda Muyenga, kule walikoweka matangi ya maji juu kabisa. Kwenye tambarare gari halina neno. Likiuona mpando tu, nguvu zinakwisha. Nakanyaga mafuta hadi chini, resi haipandi, na nyuma yangu taksi (ndivyo wanavyoziita daladala) zinanipigia honi kwa zamu. Nimepitwa na baiskeli ya mikungu ya matoke, Mjomba, na mwenyewe hata hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma.

Ulisema kwenye simu kwamba ni mwinuko, na kusema kweli hukukosea sana. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko hapo Raskazone ufukweni, kwa hiyo injini nayo inapata pungufu. Lakini hiyo asilimia tunakatwa sote, hata yule wa taksi aliyejaza abiria, kuku na gunia la mkaa. Mbona yeye anapanda?

Hapa kila mtu ni daktari wa magari, na kila daktari hugundua ugonjwa ambao dawa yake anaiuza yeye. Muuza plagi alisema plagi. Muuza pampu za mafuta aliapa ni pampu. Kijana mmoja mwenye mashine ya kupimia alichomeka waya chini ya usukani, ikatoka P0300: silinda zinamisi. Akabadilisha koili moja, injini ikatulia, akaifuta taa ya njano kwenye dashibodi na hela yangu mfukoni. Muyenga ikabaki haipandiki. Mama mwenye nyumba alijitolea kuliombea gari. Ndiye peke yake ambaye hakudai alipwe kwanza.

Spea zote hizo zilitoka Kisekka, soko lenye jina la Samson Kisekka, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1986 hadi 1991. Wanasiasa wengine hubaki kwenye sanamu. Huyu kabaki kwenye shokapu na taa za nyuma, na kwa maoni yangu ndiyo kumbukumbu ya maana zaidi, maana anatajwa kila siku na watu wenye shida.

Mwisho nikaelekezwa Ndeeba kwa mzee mmoja ambaye Kiswahili chake ni cha kambini: kila sentensi ni amri. “Washa! Kanyaga! Wacha!” Hakugusa kompyuta. Aliweka kiganja nyuma ya ekzosi, akakunja uso, akasema gari halipumui. Nikaagizwa nikanunue rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, nile nimwachie nafasi. Niliporudi alikuwa amefungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), akaacha tundu wazi. “Endesha!”

Mjomba, lilinguruma mpaka wachana mbao wa Ndeeba wakasimamisha misumeno. Lakini liliruka! Moshi ulikuwa umepata pa kutokea. Mzee akanieleza bila haraka: ile koili iliyokufa ilikuwa imeacha petroli ipite bila kuungua, ikaenda kuunguzwa ndani ya masega, joto likayeyusha vile vitundu vya kauri hadi vikaziba. Injini inavuta hewa, ila haina pa kuitolea. Yule kijana wa mashine alitibu chanzo, akaliacha donda. Na kama wangebadilisha masega kabla ya koili, mapya nayo yangeyeyuka.

Mafundi wa jirani wakashauri tuweke bomba tupu, ndivyo wengi wafanyavyo. Nikakataa. Huu ni mji ambao Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wake wa AirQo, kimefunga vipima uchafu wa hewa hata kwenye boda boda. Sitaki moshi wangu uingie kwenye hesabu zao. (Makerere hiyohiyo ilizindua gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Halina plagi, halina ekzosi, halina masega. Nalifikiria mara nyingi.) Nikanunua masega yaliyotumika lakini mazima, na hapo ndipo bati zenu zilipoishia.

Jambo moja tu linanishangaza. Masega mabovu yalipotoka, mafundi wote waliokuwa wakinitoza hata kufungua boneti wakawa wema ghafla. “Ssebo, hii takataka tuachie, tutakutupia bure.” Mzee akanikonyeza. Ndani mle kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hawakosekani. Kwa sasa yako uvunguni mwa kitanda, yamefungwa kwenye gunia la viazi, na bei bado inajadiliwa. Mwambieni fundi wa bati asiondoke mbali.