Ubao wa Tanga na Mwezi Kumi na Tano

Ubao wa tanga ni chombo cha baharini ambacho, bahari ikiondoka, hubebwa kichwani. Hatua hiyo ya safari haimo katika picha za matangazo. Jumamosi iliyopita, ufukweni Paje, mashariki ya Unguja, ilitekelezwa mchana kweupe kwa karibu kilomita moja, mbele ya akina mama wanaolima mwani, na aliyekuwa chini ya ubao ni mwandishi wa maelezo haya. Shingo bado inauma.

Kupanga likizo ya aina hii huanza na upepo. Unguja ina pepo kuu mbili: kaskazi, inayovuma tangu Desemba hadi Machi hivi, na kusi, inayotawala kuanzia Juni hadi Septemba. Katikati yake huja maleleji, na mvua za masika na vuli, ambapo tanga hulala na mwenye tanga pia. Paje inatazama mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili huijia kwa ubavu na kusukuma kidogo kuelekea nchi kavu: anayeshindwa kurudi hurudishwa. Hilo humridhisha sana mpanga likizo, kiasi kwamba hachunguzi kingine. Simu humwonyesha mishale ya upepo, kilomita 30 kwa saa, yote ya kijani, naye huomba ruhusa kazini kwa siku zinazofuata mshahara.

Lakini upepo hauendeshi ubao juu ya mchanga. Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi wenyewe huchelewa kwa kiasi hicho. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa uvivu. La kupendeza zaidi ni kwamba bamvua la Unguja lina saa zake: hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu ni jedwali la maji. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, asubuhi bahari ya Paje haipo. Imekwenda kwenye miamba, ikaacha mchanga na madimbwi. Mwandishi aliwahi kueleza haya yote katika mtihani wa jiografia, akapata alama zote.

Chombo chenyewe kinastahili maelezo, maana ni cha ajabu. Ngalawa ina mlingoti uliosimikwa, foromali, demani ya kuvutia tanga, usukani nyuma, na ndubi mbili za kuizuia isipinduke. Ubao wa tanga umefuta karibu vyote. Mlingoti wake umekaa juu ya kiungo cha mpira kinacholalia upande wowote, na kinachoufanya usimame ni mikono ya mtu. Usukani hakuna. Mlingoti ukiinamishwa mbele, nguvu ya upepo nayo huhamia mbele, omo ikageuka kuukimbia upepo. Ukiinamishwa nyuma, omo hugeuka kuukabili. Chini kuna pezi, linalokamata maji ili ubao usiteleze kwa ubavu kama jani. Basi mtu ndiye usukani, ndiye demani, ndiye kamba za mlingoti, na akianguka ndiye nanga. Tanga lililolala hubeba maji juu yake, na kulinyanyua ni sawa na kuvuta godoro lililoloa kutoka kisimani. Mahakama ya rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba Peter Chilvers alikwisha kuunda na kuendesha chombo cha namna hii huko Hayling Island mwaka 1958, miaka kumi kabla ya Wamarekani kukiombea hataza. Chilvers alikuwa na umri wa miaka 12. Jambo hili halisaidii kitu mtu mzima anapoanguka mara ya sita.

Mara ya saba tanga lilisimama. Ilikuwa saa mbili u nusu asubuhi, maji yakifika kiunoni na yakiondoka; mkodishaji alikwisha kusema "hakuna shida" na kupokea amana ya dola 50. Kwa muda mfupi mwandishi alikuwa nahodha. Kisha pezi likanasa. Ubao ulisimama, mwandishi hakusimama, aliendelea na safari kwa njia ya hewa, akatua kwenye maji yasiyofika magotini.

Kilichonasa pezi ni kamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Vishada hufungwa kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti, na kazi yake hutaka bamvua, maji yakikauka. Nao walikuwa wameipanga siku hiyo, bila simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Wa nane, mama."

Kilichofuata ni kicheko kilichopita shamba hadi shamba. Mmoja wao alilazimika kukaa majini. "Mwezi kumi na tano," mama alisahihisha, kwa sauti anayosemeshwa mgonjwa. "Maji yatarudi alasiri. Utayangoja, au utachukua mzigo wako?" Huku akisema alikuwa ameshaiunga kamba yake, mafundo mawili.

Tanga lililobebwa kichwani bado ni tanga. Upepo wa kusi ulifanya kazi yake bila upendeleo: hatua tatu mbele, moja ubavuni. Mlinzi wa hoteli, alipomwona Mwafrika chini ya ubao, aliuliza mgeni mwenyewe yuko wapi. Swali hilo halina ucheshi, wala haliulizwi kwa mtu wa rangi nyingine. Mkodishaji naye alilitazama pezi, akaona mkwaruzo, akatoa karatasi ya bei, kwa dola. Kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Karatasi ilikuwa haijapata habari. Ilikuwa na bei ya pezi, ya tanga, ya kiungo cha mpira, hata ya kuchelewa kurudi. Bei ya kamba ya mwani iliyokatwa haikuwemo, na mkodishaji alipoulizwa alidhani ni mzaha.

Siku ya pili upepo ulilala. Siku ya tatu nyayo ziliungua. Siku ya nne simu iliingia maji, pamoja na mishale yake ya kijani.

Maji yalirudi Jumamosi ileile, kwenye saa kumi. Dola 50 hazijarudi.