Sifa za Mtihani wa Kitabu Wazi

Washairi wa pwani wameusifu mnazi mpaka makumbi yake, na jahazi wakalisifu mpaka tanga lake. Hajajitokeza hata mmoja kuusifu mtihani wa mwisho wa lugha ya asembli ya maikrokontrola, ule ambao mhadhiri huutangaza kwa uso mkunjufu, "Mnaruhusiwa kuingia na kitabu chochote," na darasa zima likapiga makofi kwa kutojua. Deni hilo nalilipa mimi, macho yakiwa mekundu na mfuko ukiwa mweupe.

Nianze na fadhila zake ndogondogo. Mtihani huu humwondolea mtu adha ya kukariri. Huleta undugu, maana watu wasiosalimiana tangu mwaka wa kwanza huamshana usiku wa manane kuulizana nani ana jedwali la amri linalosomeka. Hupunguza unene. Haya tuyaache, si makubwa.

Kubwa ni uchumi. Mtihani wa kitabu kilichofungwa haumlishi mtu yeyote. Mwanafunzi anajifungia chumbani na daftari lake, mtaa unalala njaa. Huu wa kitabu wazi ni neema kwa mtaa mzima. Tunasoma 8051, chipu ambayo Intel waliitoa mwaka 1980, yenye kumbukumbu ya ndani ya baiti 128. Meseji moja ndefu ya simu haienei humo. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo ndogo, mwanafunzi anatoa kopi za kujaza begi. Mwongozo wa chipu unapatikana bure mtandaoni, ni kweli, lakini simu na kompyuta ni marufuku ukumbini, hivyo cha bure sharti kichapwe kwa hela. Hapo ndipo baraka zinapoanza kutiririka. Mwenye steshenari anaagiza rimu, bodaboda anazileta, fundi anaitwa kuizibua mashine iliyotafuna ukurasa wa interapti, mama ntilie anasogeza meza yake karibu na foleni. Kijana wa vibandiko vya rangi anauza njano kwa taima, kijani kwa steki, pinki kwa mambo ambayo hujayaelewa, na pinki ndiyo huisha mapema. Begi linakatika mikanda, mshona mabegi anakula. Mgongo unauma, muuza dawa anakula. Yupo mwenye steshenari pale getini kwetu aliyefikisha nyumba yake kwenye linta kwa amri 111 za 8051, na nina hakika bati atalipandisha kwa watakaorudia somo. Wachumi wanaohangaika na takwimu za ajira kwa vijana wangekuja wakae pale kwenye benchi wiki moja kabla ya mtihani, wangerudi ofisini wakiimba.

Fadhila nyingine ni kukomaza macho. Ukiandika MOV A,#30H, umeweka namba 30H kwenye akumuleta. Ukiandika MOV A,30H bila alama ya reli, umekwenda kuchukua chochote kilicholala kwenye anwani ya 30H. Tofauti yote iko kwenye reli hiyo, na katika kopi iliyotolewa kwenye kopi ya kopi, reli imeng'olewa zamani. Limebaki doa la masizi. Nane inafanana na B, B inafanana na tatu. Mtahiniwa anaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua noti ya bandia.

Na swali lenyewe linajulikana tangu enzi za kaka zetu: washa na uzime taa kwenye P1.0 kila sekunde moja, kristali ni ya megahezi 12. Kila mzunguko wa mashine unachukua mikrosekunde moja, taima ya biti 16 inaishia kuhesabu 65536, na sekunde ina mikrosekunde milioni. Kwa hiyo unahesabu 50,000 mara ishirini. Toa 50,000 kwenye 65536, inabaki 15536, yaani 3CB0H. Unaweka 3CH kwenye TH0, na kwenye TL0 unaweka 0B0H. Sifuri ya mbele ni lazima, kwa sababu asembla ikikuta namba inayoanza na herufi inadhani ni jina la kitu, inaligomea. Noti za somo zimeandika #B0H, bila sifuri. Zimeandika hivyo mwaka hadi mwaka, na mwongozo wa kusahihishia umenakiliwa humo humo kwenye noti. Mwenzetu aliyeweka sifuri alikatwa alama! Alipokwenda kuuliza kwa adabu zote, "Shikamoo Dokta, naomba kuelezwa," alielezwa kwamba jibu lake halifanani na la kwenye noti.

Kosa hilo lisingemaliza hata asubuhi moja kama mtu yeyote, mwalimu au mwanafunzi, angeijaribu programu hiyo kwenye chipu. Maabara tunayo. Ina kibao mlangoni na bodi za mafunzo kabatini, baadhi zingali kwenye nailoni zilizokuja nazo. Funguo anazo fundi wa maabara, na fundi yuko semina. Ripoti ya idara inasema mafunzo kwa vitendo yamefanyika. Tumefanya kweli, kwa penseli. Taa tumeichora ikiwa imewaka, pembeni tukaichora ikiwa imezimika. Kitabu kimefunguliwa kwa ukarimu mkubwa ili mtu asiulize kwa nini mlango haufunguliwi.

Kwa kuwa mtihani wenyewe ni mzuri kiasi hiki, si haki wanafunzi kuufaidi peke yao. Napendekeza itolewe bodi moja kabatini, ivuliwe nailoni, Dokta apewe swali lake la taa ya sekunde moja, na programu iingizwe kwenye chipu herufi kwa herufi kama alivyoiandika. Simu amkabidhi msimamizi mlangoni. Vitabu aje navyo vyovyote avitakavyo, na noti zake za somo pia ruksa.