Namna ya Kuishusha Mikono Cheo: Mwongozo kwa Mpiga Gofu Mwenye Haraka

Anza kwa kuishusha mikono yako cheo. Imezoea kujiona ndiyo inayopiga mpira, ndiyo maana hujikaza, mishipa ikatutumka, fimbo ikafyeka majani na mpira ukabaki pale pale ukikutazama. Mikono ni tarishi tu: hufikisha nguvu iliyotengenezwa kwingine.

Nguvu hiyo hutoka chini. Kama unapigia upande wa kulia, fimbo ikiwa inamalizia kupanda, hamishia uzito mguu wa kushoto na uisukume ardhi. Nyonga zigeukie shabaha huku mabega yakiwa bado nyuma. Hapo misuli ya ubavu na tumbo huvutika, na msuli uliovutwa ukaachiwa papo hapo hujikunja kwa nguvu kuliko ulioanza kazi ukiwa umelala. Mpiga gofu Ben Hogan alilishikilia jambo hili katika kitabu chake cha 1957: nyonga ndizo zinazoanzisha safari ya kushuka. Zikishafikia kilele cha kasi yake zinapunguza, kifua kinapokea. Kifua kinapunguza, mikono inapokea. Mwisho kabisa fimbo inapita kwa kishindo. Mikono ikiruka foleni, kila kilichokusanywa na miguu kinapotea njiani.

Safari yote ya kushuka huchukua takriban robo sekunde. Huna muda wa kuitisha kikao cha viungo, kwa hiyo foleni hiyo ifundishe nyumbani, polepole, bila mpira, mpaka mwili uikariri.

Mpini usiukabe. Ukiukaba, misuli inayokunja kifundo cha mkono na ile inayokinyoosha hukaza kwa pamoja, kila upande ukiuzuia mwingine, na kifundo hugoma kufyatuka.

Mgongo wa chini nao usiubebeshe kazi ya kugeuka. Pingili za kiuno hugeuka kidogo sana. Mzunguko ni wa nyonga na kifua. Nawasihi hasa nyinyi mnaokaa kitini wiki nzima, nyonga zikakakamaa, kisha Jumamosi mnaudai mgongo deni la nyonga. Tiger Woods, mwenye misuli ya kuonewa wivu, aliunganishwa pingili za mgongo wa chini mwaka 2017. Alirudi akashinda mashindano ya Masters mwaka 2019, lakini wewe jirani yangu huna madaktari wake. Nyoosha nyonga zako dakika chache kila siku, kabla hujanunua fimbo nyingine ya bei mbaya.

Ukishapiga, kichwa kiache kigeuke na kifua. Kukilazimisha kibaki chini ni kuzuia mwili usimalize mzunguko wake. Malizia umesimama juu ya mguu wa kushoto, kitovu kinatazama shabaha, kisigino cha kulia kimeinuka. Kaa hivyo mpaka mpira utue. Ukiyumba, usiulaumu upepo: punguza nguvu, panga foleni upya, upige tena.