Tulivyomsubiri Kenneth

Watoto wa shule hawaogopi kimbunga. Wanachoogopa ni kimbunga kisije, halafu kesho yake warudishwe darasani.

Mwaka 2019 watoto wa kwetu Masasi walipangiwa kalenda nzuri mno. Pasaka iliangukia Aprili 21, wakala sikukuu hadi Jumatatu. Jumanne na Jumatano wakaonja shule kidogo. Alhamisi ya tarehe 25, mkoa wa Mtwara ukatangaziwa kuwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zifungwe na watu wakae mahali salama. Na Ijumaa ilikuwa Sikukuu ya Muungano.

Dada yangu ni muuguzi, na muuguzi haombi ruhusa siku ya kimbunga, kwa hiyo wanawe watatu nikaachiwa mimi. Huku kusini mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake: jando, posa, ugomvi, yote humfikia. Ila Alhamisi ile neno langu kubwa lilikuwa moja tu: shuka juu ya kabati.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa anga. Saa tatu asubuhi hata jani la mwembe halitikisiki. Yule mkubwa, darasa la sita, mtu wa kutaka ushahidi, akasimama dirishani.

"Mjomba, kimbunga kiko wapi?"

"Baharini."

"Na bahari iko wapi?"

"Mtwara."

Akaninyamazia. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita kama 200, na mtoto aliyewahi kuitapikia njia nzima ndani ya basi huwezi kumtisha kwa mawimbi.

Nikaona bora tusome. Nikaleta beseni la maji na mwiko, nikatupia majani ya chai, nikawaeleza kwamba kimbunga hupata nguvu kutoka kwenye maji ya bahari yenye joto, na kwamba huku kusini mwa Ikweta huzunguka kama mishale ya saa, kaskazini kinyume chake. Walielewa. Shida ni kwamba yule wa chekechea alielewa zaidi, akaomba mwiko. Sasa kumbuka kuwa kwa ajili ya tahadhari tulikuwa tumeingiza ndani kila kitu: kuni, kuku, na makopa ya Bibi. Maji yaliruka beseni yakatua juu ya makopa, na mihogo iliyoanikwa wiki nzima ikalowa kama imemenywa jana. Kuku, ambao tangu watotolewe hawajawahi kukaribishwa sebuleni, walipanda kwenye kochi.

Tukahamia hesabu. Binti wa darasa la tatu nikampa korosho 20, nikamwambia atoe 7. Akahesabu, akasema zimebaki 8. Nikamtazama mdogo wake; anatafuna. Kaka yao akadakia na la kwake: kilo 400 za korosho za Bibi, kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na serikali Novemba 2018, ni ngapi? Nikamjibu, 1,320,000.

"Mbona Bibi hajalipwa?"

Nikafunga kipindi cha hesabu.

Hata jina la kimbunga lilituletea kesi. Jirani ana mtoto aitwaye Keneth, na wa kwangu walimaliza nusu saa ukutani wakimwuliza anafika saa ngapi. Akalia, mama yake akaja. Ikabidi nieleze, kwa pande zote mbili, kwamba vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi hupewa majina yaliyoandaliwa mapema kwa kufuata alfabeti: Machi alipita Idai aliyeuharibu mji wa Beira, akaja Joaninha, sasa ni zamu ya K. Binti akauliza kama herufi L imeshachukuliwa, maana anaye mwalimu wa kumpendekeza.

Aliyetuokoa ni Bibi. Baada ya ugali, ambao siku hiyo ulikuwa wa mahindi kwa sababu zinazojulikana, aliwasimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi. Kwa mujibu wake, mnazi mmoja uling'oka ukahamia kijiji cha pili na nazi zake zote. Mwaka ninauthibitisha, mnazi siuwekei dhamana. Lakini watoto walitulia hadi giza likaingia, na hata kuku waliteremka.

Kenneth hakufika Masasi. Jioni ileile aliingia nchi kavu Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji, akavunja nyumba Ibo na Macomia na kuua watu zaidi ya 40. Asubuhi ya Muungano yule wa darasa la sita akatamka, "Kumbe tulidanganywa." Hapo sikuwa na utani. Nilimwambia Cabo Delgado inaanzia ng'ambo ya Ruvuma, mto ambao ndugu zetu huuvuka kwa mtumbwi kuja kutuzika na kutuoza, na upepo haukuonyeshwa mpaka kwenye ramani.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa waendelee kututahadharisha, hata mara kumi, na mara zote kumi tutaingiza kuku ndani. Ombi langu ni dogo: tahadhari ikiangukia tena mkesha wa sikukuu, waifikirie na hali ya wajomba.