Maombi ya Nafasi ya Mgombea Mwenza, kutoka Soko la Kiboriloni

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Vikao vya Uteuzi,
Vyama vyote vya siasa vyenye usajili wa kudumu,
Dodoma, Dar es Salaam, Unguja na kwingineko mnakokutana usiku.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MGOMBEA MWENZA

Tafadhali mhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke mkazi wa Uru, muuza ndizi katika soko la Kiboriloni hapa Moshi. Naomba kazi ya mgombea mwenza wa urais katika uchaguzi wowote ujao. Tangazo la nafasi sikuliona gazetini, ila kila uchaguzi unapokaribia nawasikia watu wenu redioni wakisema safari hii awekwe mwanamke, avute kura za akina mama. Nikajikagua, nikaona sifa hiyo ninayo tangu siku niliyozaliwa. Nikangoja nisikie sifa ya pili. Mpaka matangazo ya vifo yanaanza, ilikuwa haijatajwa.

Nina kasoro moja ya kikatiba, afadhali niitaje mwenyewe kabla hamjaigundua. Ibara ya 47 inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili. Mimi ni wa bara, tena bara ya mlimani, kwa hiyo nawafaa tu wenye mgombea urais kutoka Zanzibar. Wenye mgombea wa bara mtafuteni dada yangu wa Unguja au Pemba, mradi naye awe na sifa yetu ile moja. Kwa utaratibu huu, kabla hamjafika kwenye jinsia mmeshavuka bahari. Dk. Omar Ali Juma, Dk. Ali Mohamed Shein na Dk. Mohamed Gharib Bilal wote waliingia kwa mlango huo, na sikumbuki mchambuzi aliyekaa studio kutueleza ni akina baba wangapi Dk. Bilal angewavuta kutoka Kibosho.

Mwaka 2025 nafasi za watu wa upande wangu zilikuwepo, maana kulikuwa na wagombea urais kutoka Zanzibar. CHAUMMA walimsimamisha Salum Mwalimu, ambaye 2020 alikuwa mwenza wa Tundu Lissu, wakampa dada yetu Devotha Minja kiti cha pembeni. Hongera zake. CCM walimsimamisha Rais Samia Suluhu Hassan, pembeni wakamweka Dk. Emmanuel Nchimbi. (Ya siku yenyewe ya uchaguzi, Oktoba 29, siyagusi hapa. Yanastahili barua yake, na barua hiyo haitakuwa ya mzaha.)

Kwa Dk. Nchimbi naomba nisimame kidogo. Nilisikiliza uchambuzi wa jina lake tangu Januari lilipotajwa. Nikaambiwa amekuwa waziri, amekuwa balozi, ni katibu mkuu wa chama. Vizuri. Nikangoja mtu aulize kama amewekwa pale ili wanaume wa Same na Rombo wajione kwenye tiketi. Nikangoja aulizwe mkewe anaionaje kazi hiyo, na nani atabaki na watoto. Wapi! Mgombea urais mwanamke alikuwa amechagua mwanamume, na hakuna aliyeuona mkakati wa kijinsia hapo, ilhali tungekuwa wakweli kidogo tungeona kwamba ndipo ulipokuwa mnene kuliko wakati wowote.

Sasa uzoefu wangu wa kazi. Nimeolewa kwenye kihamba. Kwa wasioujua mlima huu, kihambani mgomba na mbuni huishi pamoja, mgomba ukiutilia mbuni kivuli. Ndizi ni za mama, kahawa ni ya baba. Kupalilia tunapalilia wote, kuchuma tunachuma wote, na kukoboa, kuloweka, kuosha na kuanika nani huamka alfajiri mnamjua. Siku ya malipo, jina kwenye daftari la chama cha msingi ni la baba. Babu zetu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, ikaja KNCU, ushirika ukasifiwa hadi Ulaya, na daftari likaendelea kuandikwa vilevile. Kwa hiyo kusimama pembeni ya jina la mtu mwingine nikitia kivuli ni kazi ninayoiweza bila semina elekezi.

Lakini mimi pia ni mfanyabiashara. Mzigo usiotoka siurudii. Ndiyo maana naomba, kabla hamjaniajiri kuvuta kura, tufungue pamoja hesabu za wale mliowaajiri kabla yangu.

Julai 2015, CCM wakiwa Dodoma, majina matatu ya mwisho ya urais yalikuwa na wanawake wawili: Balozi Amina Salum Ali na Dk. Asha-Rose Migiro. Mkutano Mkuu ukampa Dk. John Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Waliokitaka kiti cha mbele wakaambulia kura 312 wote wawili. Samia, ambaye hakuwa amechukua fomu ya urais, akapewa cha pembeni. Nikadhani sasa zitamiminika kura za akina mama mpaka zikose masanduku. Oktoba Magufuli akashinda kwa asilimia 58.46. Mkapa mwaka 1995, akipambana na Mrema wetu wa Vunjo aliyekuwa moto wa kuotea mbali, alipata zaidi ya 61. Kikwete mwaka 2005 alipata 80 na ushei akiwa na Dk. Shein. Yaani tiketi ya kwanza ya CCM yenye mwanamke ndiyo iliyopata asilimia ndogo kuliko zote tangu vyama vingi virudi.

Simlaumu Samia hata chembe. Mwaka ule kulikuwa na Lowassa upande wa upinzani, kulikuwa na muungano wa UKAWA, kulikuwa na watu waliochoka. Hilo ndilo ninalolisema: watu walikuwa na mambo yao ya kupigia kura. Huku kwetu picha ya mama pembeni ya Magufuli ilibandikwa kila mahali, tukaitazama, tukaisalimia, halafu Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Hai na Rombo tukawapa CHADEMA, na Vunjo tukampa Mbatia wa NCCR. Mimi na wenzangu wa Kiboriloni tulikuwemo.

Mkisema 2015 ni zamani, pandeni gari mvuke pale Holili. Kenya mwaka 2022 tiketi za urais zilikuwa nne. Tatu zilikuwa na wenza wanawake: Martha Karua kwa Raila Odinga, Justina Wamae kwa George Wajackoyah, Ruth Mutua kwa David Mwaure. Moja tu ilikuwa ya wanaume watupu, William Ruto na Rigathi Gachagua, na ndiyo iliyokwenda Ikulu kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Karua amekuwa waziri wa sheria, amekuwa mbunge wa Gichugu miaka ishirini, mwanasheria anayeogopwa, lakini hata kaunti yake ya Kirinyaga ilimpa Ruto kura. Wakaja wataalamu wakasema mwanamke hauziki. Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa Gachagua kwenye unaibu rais, na mpaka naandika barua hii sijasikia mtaalamu aliyesema imedhihirika kuwa wanaume hawafai kuwa wenza.

Mnataka kujua mwanamke wa huku hupiga kura vipi akiachiwa? Mwulizeni wa Same Mashariki. Mwaka 2015 CCM walikuwa na Anne Kilango Malecela, mbunge wa pale tangu 2005, na CHADEMA wakamsimamisha Naghenjwa Kaboyoka. Wanawake wawili, jimbo moja, milima ya Upare. Mkakati wa "mama atavuta kura za akina mama" ukakwama mapema asubuhi, maana kila upande alikuwa mama. Ikabidi wapiga kura waanze kuuliza mambo mengine kabisa: barabara, maji, nani kafanya nini. Wakamchagua Kaboyoka. Mwaka 2020 Kilango akalirudisha jimbo. Hakuna aliyepelekwa pale kupamba, na hakuna aliyeshangaa.

Tena tulipata kuishi na mwanamke aliyeomba kiti cha mbele kwa jina lake. Mama Anna Mghwira, Mungu amrehemu, aligombea urais mwaka 2015 kwa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kwenye orodha, akapata kura 98,763. Wale wale wanaotuambia Watanzania wana kiu ya mwanamke kwenye tiketi sijui siku ile walikuwa wapi. Miaka miwili baadaye Magufuli akamteua Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, tukawa naye hapa Moshi hadi 2021. Kumbe kazi aliiweza.

Waheshimiwa, nimefika kwenye jambo linalonifanya niiombe kazi hii kwa bidii. Nafasi mnayoigawa kama khanga za kampeni si nafasi ndogo. Mwaka 2005 mwenza wa Freeman Mbowe, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya Oktoba 30, na uchaguzi wa urais wa nchi nzima ukasogezwa hadi Desemba 14. Nchi yote ilimsubiri mtu wa pembeni. Kisha ikaja Machi 2021. Rais Magufuli alitangazwa kufariki tarehe 17, na tarehe 19 Samia aliapishwa, kwa sababu Ibara ya 37 haikuuliza alichaguliwa kwa mkakati gani. Malawi walishatangulia: Joyce Banda aliwekwa pembeni ya Bingu wa Mutharika mwaka 2009, chama kikamfukuza mwaka uliofuata, na Aprili 2012 Bingu akafariki, Banda akawa Rais. Nyie huwa mnafikiria siku ya kupiga kura tu. Katiba inafikiria miaka mitano yote.

Kwa hiyo kwenye usaili naomba mniulize swali ambalo nashuku hamjawahi kumuuliza mwenza: ukiamka Jumatano ukaambiwa wewe ndiye Amiri Jeshi Mkuu, utaanzia wapi? Mimi nina majibu. Bei ya mbolea nayajua matatizo yake, na mwanamke mjane anayeondolewa kihambani na mashemeji baada ya arobaini ninaye jirani. Nikisema haya nayasema mimi, msiniandikie hotuba ya kuwasalimia akina mama.

Masharti yangu ni machache. Uso wangu usichapishwe kwenye khanga, tutaukalia. Sitacheza jukwaani mgombea akisubiriwa, labda naye acheze. Nikisimama kwenye viwanja vya Mashujaa nisiambiwe dakika tatu zinatosha.

Kama nafasi imeshapata mtu, na najua huwa inapata kabla ya kikao, basi nitumieni fomu ya ubunge wa Moshi Vijijini. Ya jimbo. Viti maalumu msinitajie: Bunge la 2020 lilikuwa na viti hivyo 113, na ukiwa humo unahesabiwa kila mnapotaka kuonyesha takwimu nje ya nchi. Kuanzia 2005 hadi uchaguzi wa 2020 jimbo letu lilipitia mikononi mwa Cyril Chami, Anthony Komu na Patrick Ndakidemi, waungwana wote, na sikusikia mmoja wao akiambiwa amewekwa kuvuta kura za jinsia yake. Najua kuna kura za maoni, na najua walichosema Watanzania mwaka 2020, kwamba wajumbe si watu. Nitajaribu bahati yangu na hao hao wasio watu.

Usaili msiuweke siku ya soko.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji,
Uru, Moshi.

Nakala:
Msajili wa Vyama vya Siasa (kwa kumbukumbu)
Mwenyekiti wa Kitongoji (asiseme hakuambiwa)
Mume wangu (kwa taarifa, si kwa idhini)