Namna ya Kuonja Chai Mbele ya Watu Ukiwa Hujui Kitu

Umealikwa kiwandani. Pengine ni siku ya wakulima, pengine umetangaza kuwania ukurugenzi wa kiwanda na mpinzani wako ana shahada mbili. Wamepanga vibakuli vyeupe juu ya meza ndefu, na mtu asiyekutakia mema amesema kwa sauti, "Mgeni wetu naye aonje." Wewe ni mzaliwa wa Merigi, nyanda za chai magharibi ya Bonde la Ufa, umekunywa chai kabla hujaota meno, chai ya maziwa iliyochemka sufuriani mpaka ikakubali. Ujuzi huo hautakufaa kitu mezani pale. Tulia, nitakuvusha.

Kuonja chai kikweli kunataka miaka ya mafunzo. Kuonekana unaonja kunataka mchana mmoja, maneno kama kumi ya Kiingereza na uso wa mtu aliyezoea kulipwa kwa dola. Uso nao ukikosekana, vaa koti jeupe.

Hatua ya kwanza: usiombe sukari

Wala mandazi. Ukiomba sukari pale mezani, hata uongee kama malkia baadaye, hutasikilizwa. Chai ya kuonjwa ni strungi, na imetengenezwa kwa sheria. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, chombo cheupe cha kauri. Kiwango hicho kinaruhusu maziwa pia, ila hilo wewe liache lilale. Waingereza walikuwa na chao kilichofanana nacho, BS 6008, ambacho mwaka 1999 kilililetea shirika lao la viwango tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, tena ya fasihi, kwa kutumia kurasa 6 kueleza jinsi ya kutengeneza kikombe cha chai.

Wewe usicheke. Maji yakishamiminwa, tazama saa yako na uulize polepole, "Dakika sita?" Wakikujibu ndiyo, itikia kwa kichwa. Wakisema tano, kunja uso kidogo, kisha wasamehe.

Hatua ya pili: shika chai kavu

Mbele ya kila kibakuli kuna chai kavu kwenye kikopo. Mimina kidogo kiganjani, izungushe kwa kidole, inuse. Karibu nayo utaona maandishi: BP1, PF1, PD, D1. Hapa ndipo wengi huanguka. Asiyejua hudhani BP1 ni chai ya matajiri, na kwamba D1, kwa kuwa D ni ya "dust", yaani vumbi, ilifagiliwa sakafuni. Sivyo. Gredi hizo hutaja ukubwa wa punje baada ya kuchekechwa, na majani ya shamba moja, yaliyochumwa asubuhi moja, yanaweza kutoa zote nne. Basi subiri mtu aidharau D1, kisha useme kwa upole, "Mimi hiyo naipenda. Inatoa rangi haraka." Umeshinda raundi ya kwanza, na umeshinda kwa kusema kweli, bahati ambayo haitakurudia sana leo.

PF1 usiishangae, ndiyo inayotoka kwa wingi zaidi viwandani kwetu. Wakikuletea majani marefu yaliyosokotwa badala ya punje, hiyo haikupita kwenye mashine ya CTC, ile ya kukata, kupasua na kukunja iliyobuniwa Assam miaka ya 1930. Sema "Ah, ya kusokotwa," na usogee kibakuli kinachofuata kabla hujaulizwa.

Hatua ya tatu: vuta kwa kelele

Mama yako alikukataza kunywa hivi. Leo msahau. Chota kijiko, kilete mdomoni, uvute chai pamoja na hewa kwa nguvu mpaka walio nyuma wageuke. Kelele ina kazi yake: hewa huirusha chai mdomo mzima na kuipandisha harufu puani kwa njia ya kooni. Izungushe mdomoni, kisha uiteme kwenye ndoo ya kutemea.

Fanya mazoezi nyumbani kwa maji baridi, nje, mbali na jirani. Makosa ni mawili tu. La kwanza ni kumeza, kosa linaloonyesha kwamba ulikuja na kiu. La pili ni kuikosa ndoo.

Ukishatema, nyamaza. Usitaje neno lolote kwa muda wa pumzi tatu. Tazama dirishani, upande wa mashamba. Watu wataanza kuogopa utakachosema, na mtu aliyekwisha kuogopa ni rahisi kumridhisha.

Hatua ya nne: sasa sema

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo vuta kiti.

Waonjaji wa mnada wa chai wa Mombasa wana Kiingereza chao, na si kile ulichosomea. Shuleni ulipewa "good", "very good", na kwa waliofika mbali zaidi, "excellent". Yote matatu yaache langoni kwa askari. Ukisema chai ni "good" umesema kile ambacho kogo, yaani bibi, wa mtu yeyote angesema kwa neno moja la Kikipsigis, anyiny, na yeye hakualikwa mezani. Msamiati wa kuhukumu haupo ili kusema kitu ni kizuri au kibaya. Upo ili aliyesimama nje ya mlango asijue ni lipi kati ya hayo umesema.

Anza na "bright". Ni sifa ya chai yenye mng'ao, ambayo ukitazama kibakulini unaona mwanga umekaa ndani. Ni neno salama kwa sababu linahitaji macho tu. Likifuatiwa na "brisk", umekwisha kuwa mtaalamu wa nusu siku. Hiyo "brisk" ni uchangamfu unaougusa ulimi na fizi na kuuacha mdomo ukiwa macho, tofauti na ule uchungu wa chai iliyosahaulika jikoni. Huwezi kuitambua tofauti hiyo leo, na huna haja. Chai ya CTC ya nyanda zetu za juu inasifika duniani kwa jambo hilohilo. Ukilitaja kwa kila kibakuli cha tatu utapatia mara nyingi kuliko utakavyokosea.

"Coppery" ni ya majani yaliyolowa, yale yaliyomwagwa juu ya kifuniko cha birika baada ya kuchujwa. Yakiwa na rangi ya shaba mpya, litumie. Usilitumie kwa chai kavu, ambayo inatakiwa kuwa nyeusi. Kisha kuna "body", uzito wa chai mdomoni. Neno hili lisindikize kwa kusugua kidole gumba na cha shahada. Chai nzito ni "full" au "thick", nyepesi ni "thin".

Sasa siri ambayo walimu wa lugha huificha. Nguvu haimo kwenye maneno makubwa, imo kwenye vijineno vya kupunguzia: "fairly", "quite", "a touch", "on the whole". Ukisema chai ni "brisk", mtu aliyesomea anaweza kukubishia. Ukisema ni "fairly brisk", atabisha nini? Atasema imezidi kiasi, au haijafika kiasi? Kiasi kipi, na nani alikipima? Hukumu yako imekuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Jifunze sentensi moja kamili ulale nayo: "Bright, fairly brisk, a touch thin." Ina sifa, ina tahadhari, ina masikitiko. Inafaa chai yoyote iliyowahi kutengenezwa magharibi ya Bonde la Ufa, na ukiigeuza nyuma mbele inafaa pia.

Kasoro nazo zina maneno yake, na hapa nenda kwa uangalifu, kwa maana kila kasoro ina mwenyewe. "Flat" ni chai iliyolala, iliyokaa ghalani au kuingiwa na unyevu. "Stewed" ni ile iliyochemkia ndani ya mashine ya kukaushia badala ya kukauka. "Smoky" ni ile iliyopata moshi. Boila za viwanda vyetu nyingi hula kuni, kwa hiyo kabla hujatamka neno hilo hakikisha mtu wa boila hayupo chumbani, na kama yupo, mtazame mikono kwanza.

Na uogope "fruity". Linasikika kama pongezi, na kwa watu wa divai ni pongezi kweli. Kwenye chai nyeusi ya kiwanda ni shutuma: majani yamechachushwa kupita kiasi, au bakteria wameingia kabla ya kukaushwa. Nimeona mheshimiwa akilitamka kwa tabasamu kubwa huku meneja wa kiwanda akitafuta pa kuficha uso.

Hatua ya tano: usiite kikombe kichafu

Hotuba zikirefuka, chai itapoa, na vibakuli vingine vitatandwa na wingu kama vimetiwa maziwa. Mpinzani wako mwenye shahada mbili atasema vibakuli havikuoshwa. Mwache aseme, amalize, arudie. Kisha wewe useme, "Inatia krimu vizuri." Chai nzuri ikipoa hufanya hivyo: kafeini hushikana na theaflavini, zikaganda, na ukiipasha moto wingu linaondoka. Wenyewe wanalihesabu kuwa dalili njema. Kura za meza hiyo ni zako.

Na kwa kuwa nimekwisha kuitaja theaflavini: itaje mara moja tu, kama mtu anayemtaja binamu yake aliye serikalini. Hujitengeneza majani yanapochachushwa, na ndiyo inayoleta ule mng'ao na ule uchangamfu. Yakichachushwa muda mrefu zaidi inapungua, na thearubijini zinaongezeka, zikileta rangi na uzito. Ukibanwa kwa swali la pili, sema ungependa kujua ni kiasi gani cha majani haya kimetoka kwenye mche wa 6/8. Mche huo una sifa ya ubora tangu zamani, wazee watatikisa vichwa, na mjadala utahamia kwenye mashamba yao.

Ukitaka kuonekana umetembea, dai unaweza kutofautisha chai ya kiwanda cha Mogogosiek na ya kile cha Kapkoros ukiwa umefumba macho. Hakuna atakayekuja na kitambaa.

Hatua ya sita: tafuta wa kulaumiwa

Mwonjaji asiyelaumu ni mnywaji. Kanuni ni nyepesi: kasoro ya kibakuli irudishe nyuma mpaka ifike kwa mtu ambaye hayupo. Mbele ya wakurugenzi, laumu wachumaji: hawakuchuma majani mawili na chipukizi, wamechanganya na majani makomavu. Mbele ya wachumaji, laumu karani wa kituo aliyeshindilia magunia mpaka majani yakapata joto na kuanza kuwa mekundu. Mbele ya karani, laumu lori lililochelewa. Dereva akiwepo, laumu barabara, ambayo wakati wa mvua hujulikana tabia yake, na kutoka hapo unaingia kaunti, ambako hutatoka leo.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba kila lawama ina ukweli wake. Jani gumu kweli hushusha ubora, gunia lililoshindiliwa kweli huchemka, na lori lililokwama matopeni kweli huleta kiwandani majani yaliyokwisha kuharibika. Hutasema uongo hata mara moja. Utachagua tu uanzie wapi.

Hatua ya saba: swali litakalotoka nyuma

Litakuja, na litakuja kwa Kiswahili au Kikipsigis. Atasimama mama mmoja mwenye kikapu na kuuliza: kama chai yetu ina huo mng'ao uliousema, mbona bonasi ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa hutushinda?

Hapo ujue umefika mahali ambapo maneno haya hufanya kazi ya mshahara. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu 2020 watu hununua kwa kubonyeza skrini. Kabla ya kila mnada, madalali na wanunuzi huonja sampuli kwa kijiko kilekile, kwa kelele ileile, wakaandika vineno vilevile daftarini, pembeni mwa kila namba. "A touch thin" ya pale hugeuka senti za dola kwa kilo, senti zikateremka zikikatwa njiani, na kinachosalia ndicho kinachofika Merigi Oktoba kama bonasi. Yule mama amechuma majani hayo kwa mkono. Daftari lile hajaliona.

Usimjibu "ubora". Ameambiwa hivyo miaka mingi, na chumba kizima kitaguna. Usimjibu "bright, fairly brisk" pia, kwa maana atakuomba umtafsirie na utajikuta unamwambia kwamba chai yake ni nzuri, na nzuri ina bei. Usilaumu barabara, keshaipita kwa miguu asubuhi.

Weka kijiko chini. Mwite mama, kwa heshima. Mwambie kwamba swali lake ni zito, umeliandika, na utakwenda Mombasa mwenyewe kumuulizia. Ukichaguliwa, nauli ni ya kiwanda.