Cheti Kinachozeeka Kabla Yangu

Cheti changu cha kidato cha nne kimefikia umri wa kuoa, na hakuna siku hata moja niliyopigiwa simu nikaambiwa kimeisha muda. Kona moja imeliwa na mende, muhuri umefifia, lakini ukikipeleka popote kinasema kilekile: huyu alipata D ya Hisabati. Kitaendelea kusema hivyo hadi nazikwa. Cheti cha ndoa nacho ni hivyohivyo. Mume wangu alishawahi kukigeuza nyuma kutafuta tarehe ya mwisho, hakuiona, akakirudisha kabatini bila neno.

Vyeti vya kompyuta vina roho nyingine. A+ ya CompTIA, miaka mitatu. CCNA ya Cisco, miaka mitatu. ITIL, ambayo zamani ukiipata umeipata, nayo imejiunga na wenzake. Unasoma, unalipa, unafaulu, unapongezwa, na siku hiyohiyo cheti kinaanza kuzeeka. Eti teknolojia inabadilika. Sawa, lakini kuzima na kuwasha mbona hakujabadilika tangu nizaliwe? Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliopata A+ kabla ya mwaka 2011 wameachiwa ya maisha. Watu hao nawatazama kama ninavyowatazama wale walionunua viwanja Mbezi wakati kuna mikorosho tu.

Mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni mafaili: kuyafungua, kuyafunga, kuyatafuta, na kuapa kwamba jana yalikuwepo. Kisha mafaili yakahamia kwenye mfumo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najua kila faili lilipo, ofisi ikaamua kwamba najua na paswedi zao zilipo. Kijana wa TEHAMA tunaye. Yuko saiti. Tangu nimfahamu yuko saiti. Basi printa ikigoma, mwiteni mama wa masjala. Projekta isipoiona kompyuta, mama wa masjala. Simu ya mkurugenzi ikijaa picha za maua zilizoandikwa asubuhi njema kutoka kwenye magrupu ya ukoo, mlango unaogongwa ni wangu. Nikaona kazi yenyewe ninayo tayari, kilichobaki ni mshahara wake. Afisa utumishi akanisikiliza vizuri sana, akasema: tatizo mama huna cheti.

Kipi? Hapo ndipo nilipofungua mdomo mbele za watu, na ukiuliza swali hilo katika mji huu utashangaa ni wangapi wana jibu.

Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, kwa hiyo anajua kila kitu. “Shangazi, piga CCNA, mengine ya watoto.” Mtihani mmoja, dakika 120, dola 300. Akanikalisha sebuleni kunifundisha kugawa mtandao. Ukiandika /26 unapata anwani 64, ila za kutumia ni 62, mbili zinakaa bure kwa heshima. Nikamwambia, mwanangu, ofisi yetu ina swichi moja, imepigiliwa ukutani juu ya kabati, na kazi yake kubwa ni kukusanya vumbi. Hizo 62 ni za nani? Akasema ni za nitakapokwenda kampuni kubwa. Nani kamwambia nakwenda kampuni kubwa? Nataka kwenda mlango wa pili kulia, penye kiyoyozi.

Binti wa jirani akaja na ya Google, iliyoko Coursera tangu 2018. Haitaki uzoefu, walimu wanatabasamu, unasoma ukiwa umekaa kitandani. Inalipiwa kwa mwezi, maana yake mwenye watoto analipa kuliko asiye nao. Video zenyewe nzuri sana. Mwalimu alinieleza DNS ni nini, na alipoanza kueleza inafanyaje kazi bando likakata.

Mjomba mmoja, anayesifika ukoo mzima kwa “kuwahi kufanya na kompyuta”, alisimamisha kikao cha harusi, michango ikiwa bado haijafika hata kwenye keki, ili anishauri niachane na vyote nichukue MCSE. Microsoft walikwishaistaafisha MCSE mwishoni mwa Januari 2021. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, akasema wameistaafisha kwa wasiojua pa kuitafutia. Wajumbe wakapiga makofi.

Halafu yule afisa utumishi mwenyewe akaja na ITIL, kwa sababu aliisikia kwenye semina ya hotelini. Hii ilizaliwa serikalini Uingereza miaka ya 1980, na harufu ya masjala unaisikia. Haikufundishi kugusa waya wowote. Inakufundisha kupanga huduma: maswali 40, dakika 60, ukipata 26 umepita. Kiini chake kimoja nilikipenda. Wanatenganisha tukio na tatizo: tukio ni kile kilichoharibika leo, tatizo ni kile kinachokiharibu kila siku. Nikaijaribu palepale ofisini. Tukio: printa haichapi. Tatizo: mhasibu. Nikaona kumbe ninaifahamu ITIL tangu nilipoajiriwa.

Siku za katikati nikawa nasoma matangazo ya kazi, nisiwe nasomea hewa. Nafasi ya chini kabisa, ya kukaa kwenye dawati la msaada na kupokea simu za watu waliosahau paswedi. Mwombaji awe na shahada. Wenye CCNA, A+ na ITIL watapewa kipaumbele. Uzoefu usiopungua miaka mitatu. Awe na leseni ya udereva. Ya udereva! Kwani paswedi zinafuatwa na gari? Mwisho wameandika awe tayari kufanya kazi kwenye shinikizo, na hilo ndilo sharti pekee ninalolitimiza, kwa maana zote mbili, maana presha ninayo na vidonge ninameza.

Nimechagua A+. Sio kwa kushauriwa na mtu. Nimeichagua kwa sababu inazungumza habari za vitu ninavyovishika: printa, nyaya, kumbukumbu ya kompyuta, Windows iliyogoma kuwaka. Ila nayo ina ujeuri wake. Ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, na kwa bei ya Marekani kila mmoja unavuka dola 200. Ukifaulu mmoja huna kitu. Alama zinahesabiwa kuanzia 100 hadi 900, kwa hiyo hata ukilala usingizi humo ndani unatoka na mia, lakini wao wanataka 675 kwenye wa kwanza na 700 kwenye wa pili. Tena mwaka 2025 wakabadilisha toleo, na kitabu alichoniazima kijana wa TEHAMA siku aliyopita akielekea saiti sasa kinafaa kufungia maandazi.

Humo kuna hatua sita za kutafuta hitilafu. Nilizijaribu kwa mhasibu wiki printa yake ilipozima kabisa. Ya kwanza, mhoji mtumiaji. “Sijagusa kitu, ilianza yenyewe.” Ya pili, kisia chanzo, ukianzia na kilicho wazi. Kilicho wazi ni kwamba waya wa printa ulikuwa umelala sakafuni na kwenye soketi yake pamechomekwa birika la umeme. Ya tatu, hakikisha ulichokisia: nikachomoa birika, nikachomeka printa, ikaguna, ikaamka. Ya nne, panga utekelezaji. Mpango ulikuwa kulihamisha birika. Utekelezaji ulihitaji idhini ya mhasibu, na mhasibu akasema birika halihusiani na kompyuta. Ya tano, thibitisha kila kitu kinafanya kazi na uzuie kujirudia: nikachapa tangazo USICHOMOE, kwa printa ileile, nikalibandika. Ya sita, andika kumbukumbu. Nikaandika: Chanzo, chai.

Kwa haki, kitabu kimenifundisha. Nimejua kwamba leza inachora ukurasa kwenye drumu, unga wa tona unanasa palipochorwa, unahamia karatasini, kisha unachomwa kwa joto usifutike. Ndiyo maana karatasi hutoka ya moto. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani printa imekasirika. Nimejua pia mpangilio wa rangi za nyaya za mtandao, nikawa naukariri usiku: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu. Mume wangu akageuka upande wa pili akasema vitenge vya harusi vilishachaguliwa, nilale.

Sasa umebaki mtihani wenyewe. Wanaruhusu kuufanyia nyumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera kutoka anakokujua yeye. Chumba kiwe na wewe peke yako. Meza iwe tupu. Mtu asiingie. Usiondoke mbele ya kamera, usisome swali kwa sauti, midomo isichezecheze. Aliyetunga masharti haya hajawahi kukaa Mbagala. Kwangu kuna muuza mihogo anayepita na kipaza sauti, jirani mwenye spika kubwa kuliko sebule yake, kuku asiyebisha hodi, na mama mkwe asiyebisha hodi pia. Nimeitisha kikao cha familia. Watoto wanakwenda kwa shangazi yao. Kuku anafungwa. Mama mkwe nimemweleza kwamba kuna mzungu atakuwa ananitazama kwenye kompyuta, na kabla sijamaliza sentensi akamwita mwanawe pembeni.

Mume wangu akauliza, “Na mimi niende wapi saa moja na nusu?”

“Nje.”

Akatoa simu, akafungua ratiba ya ligi, akaipitia wiki kwa wiki hadi akapata Jumamosi isiyo na Simba wala Yanga. Hiyo ndiyo tarehe ya mtihani wangu wa kwanza. Wa pili bado tunajadiliana.